Bobi amekufa, niko Ajo: nimzike au nifanyeje?

Kutoka: Ajo, Arizona

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Najua wapo watakaoshangaa mtu mzima kuleta msiba wa mbwa kwenye barua zetu za kutafutiana kazi na nyumba. Nyumbani Dodoma mbwa wetu walilala nje, wakala ukoko wa ugali, na wakifa tuliwazika nyuma ya zizi, basi. Lakini Bobi nimeishi naye miaka 6 hapa jangwani, na Jumanne usiku amekufa.

Alianza kukohoa mwanzoni mwa Oktoba. Kliniki ya kwanza ikasema ni mzio wa vumbi. Nikaamini, maana vumbi hapa halikosekani. Akaanza kuchechemea, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Kliniki ya pili ilimpima damu, ikasema ni Valley Fever, ugonjwa wa kuvu wa huku jangwani. Alikunywa fluconazole, dawa ya kuvu, wiki 3, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo. Degedege ilipomjia mara ya tatu usiku mmoja, nilikubali achomwe sindano ya kumpumzisha.

Mwili wake uko kwa daktari mpaka Jumamosi. Ningependa kumzika nyuma ya nyumba ninayopanga, chini ya mti wa palo verde alipopenda kulala. Je, inaruhusiwa? Na kuna mambo gani ya karatasi ya kumalizia?

Mji umeanza kujaa wageni wanaokimbia theluji ya kaskazini na magari yao ya kulala. Mashine ya kupozea hewa iliyo juu ya paa nimeshaimwaga maji. Mchana ni nyuzi 20 na kitu, usiku inashuka chini ya 10. Jua linazama kabla ya saa 11 na nusu jioni, na hiyo ndiyo saa tuliyokuwa tukitoka kuzunguka uwanja wa katikati ya mji, pale penye mitende. Wazee wa pale walijua jina lake kabla ya kulijua langu. Saa hiyo ikifika sijui nikae wapi.

Ndugu yenu.

Kutoka: Tucson

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimefanya kazi kwenye kliniki za wanyama huku kwa miaka, na nimeona wanaume wakubwa wakilia kwenye maegesho ya magari. Usione haya.

Nakuomba usimzike hapo. Nyumba si yako, kwa hiyo ungehitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na sheria ungeziuliza kaunti. Lakini hata vyote vikikubalika, sababu kubwa iko kwenye sindano. Dawa ya kumpumzisha mnyama ni pentobarbital, nayo haiishi nguvu mara moja. Inabaki mwilini muda mrefu. Unaijua ardhi ya huko Ajo: ukichimba kidogo tu unakutana na kaliche, tabaka gumu la chokaa linalogonga sururu kama saruji. Watu huchoka, wakaacha kaburi fupi. Koyoti, mbweha wa huku, hufukua usiku, akala, akafa. Tai naye akimla, hufa. Na usifikirie kumpeleka kwenye hifadhi ya Organ Pipe, huko hairuhusiwi.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Kilichomuua Bobi ni kuvu anayeishi kwenye udongo huo huo. Udongo ukichimbwa au upepo ukipiga, mbegu zake huruka na vumbi, nasi tunazivuta puani. Bobi hakukuambukiza wewe, wala wewe hukumwambukiza yeye; ugonjwa huu kwa kawaida hautoki kwa mnyama kwenda kwa mtu. Ila mlikuwa mnavuta hewa moja, kwenye njia zile zile, na huku majira haya baada ya mvua za kiangazi ni wakati ambao wagonjwa huongezeka. Ukikaa saa nzima na sururu kwenye ardhi kavu utakuwa unajitafutia.

Kwa hiyo mwambie daktari unataka achomwe moto peke yake. Litamke hilo neno, peke yake, kwa sababu wakimchoma pamoja na wengine hutarudishiwa majivu. Bei ni tofauti, uliza kwanza. Kisha iarifu kaunti ya Pima kwamba amekufa ili leseni yake ifutwe, la sivyo wataendelea kukuandikia uilipie. Kampuni ya ile chipu ya utambulisho iliyo mwilini mwake nayo iambie. Dawa zilizobaki zirudishe, usimpe mbwa wa jirani.

Sasa wewe. Una kikohozi? Uchovu usioisha, jasho la usiku, maumivu ya viungo? Sisi watu weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvu huyu kutoka mapafuni na kusambaa mwilini. Wajawazito wajihadhari sana, na wenye kisukari pia. Mara nyingi watu hupewa dawa za nimonia za bakteria, ambazo hazimwui kuvu. Mtaje kwa jina: sema mbwa wangu amekufa kwa Valley Fever, naomba nipimwe damu. Chuo Kikuu cha Arizona hapa Tucson kina kituo kizima cha ugonjwa huu, kwa hiyo si jambo la kubuni.

Dada yako.

Kutoka: Phoenix

Pole kijana wangu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mbwa haingii ndani. Lakini aliyefiwa na mwenzake wa nyumba hupewa pole, sioni mjadala hapo. Mpigie mama yako usiku, baada ya hiyo saa unayosema. Arizona haibadilishi saa, tofauti yetu na nyumbani ni saa 10 mwaka mzima. Saa 2 usiku kwako, Dodoma ni saa 12 asubuhi, ameshaamka.

Kutoka: Ajo

Dada, mzee wangu, asanteni.

Bobi amechomwa peke yake, na nimeletewa kisanduku cha mbao. Jirani yangu, bibi mwenye asili ya Meksiko, aliniomba mkanda wa shingoni wa Bobi. Kila tarehe 27 Oktoba, kabla ya sikukuu ya marehemu, huwatengea wanyama wake waliokufa meza yenye picha na maji. Amesema mwakani ya Bobi itakuwepo. Nimempa.

Nilikuwa na kikohozi, dada. Wiki 5, nami nikasema ni baridi. Kipimo kimeonyesha kuwa nimeambukizwa, picha ya kifua ina doa dogo. Daktari hajanipa dawa kwa sasa; narudi kupimwa tena baada ya miezi 3, na mapema zaidi nikizidiwa. Mama nimempigia, alikuwa anawasha moto wa chai.

Jioni nimeanza tena kuzunguka uwanja. Jana mzee mmoja wa pale alitembea na mimi mpaka kwenye kona ya posta.

Nina mfuko mzima wa chakula cha mbwa ambao haujafunguliwa, na blanketi 2 nilizozifua. Anayepita barabara ya 85 kuelekea Lukeville aniandikie, nitamsubiri uwanjani.