Nimetoka hospitali ya TB ya Kibong'oto, bosi ananiita nirudi kushika mashine. Nishuke?

Wakuu habari. Mimi ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite kule Mererani, miaka tisa shimoni, saba kati ya hiyo nimeshika mashine ya kutoboa mwamba. Mwaka jana nikaanza kukohoa, nikajua ni vumbi, maana kule kila mtu anakohoa. Nilipotema damu ndipo nikapimwa: TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida. Nimelala Kibong'oto miezi mitano, dawa zilizobaki nikamalizia kliniki ya huku nyumbani. Niliingia na kilo 46, leo nina 57. Makohozi safi.

Sasa bosi kanipigia, nafasi yangu ipo. Namshukuru, nilipokuwa wodini alituma unga nyumbani mara mbili. Lakini nikipanda kilima cha kwenda kisimani napumzika mara mbili, na usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Mke wangu hataki kusikia habari ya shimo. Mimi nawaza mgawo: jiwe likitoka mshika mashine anapata, anayefanya kazi juu ya shimo anaambulia hela ya kula. Watoto watatu wanasoma. Mliorudi kazini baada ya TB, mlifanyaje?

Mzee wa Kitalu D: Pole sana mdogo wangu. Yangu ilikuwa TB ya kawaida, dawa miezi sita. Nilipomaliza tu nikarudi kwenye mashine. Tulitoboa kavu, bila maji, ukitoka chini unafanana na mtu wa mashine ya kusaga. Mwaka wa pili ikarudi. Leo nalala nimeegemea mito miwili. Usishuke.

Muuguzi wa kifua: Hongera kwa kumaliza dawa. Kama vipimo ni safi huambukizi mtu, wenzako wasikutenge. Ila TB huacha makovu kwenye mapafu, huenda ndiyo yanakufanya uheme. Vumbi la mwamba nalo likishaingia ndani kabisa linakaa humo, na mwenye nalo anapata TB kwa urahisi zaidi. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa. Rudi kliniki na picha zako za kifua, waambie umetoboa miaka saba. Nyayo zitaje pia: linezolidi, moja ya dawa za TB sugu, huumiza mishipa ya fahamu. Na kitambaa puani hakizuii vumbi hilo.

Mama Tatu: Bosi aliyekutumia unga ni mtu wa kuongea naye. Mume wangu aliomba akae juu kwenye winchi, mashine ya kuvuta mizigo kutoka shimoni, na mgawo wakakubaliana kabla hajaanza, mbele ya mashahidi wawili. Ni mdogo kuliko wa zamani, sikufichi. Ada tumelipa kwa kuchelewa, lakini tumelipa.

Muulizaji: Asanteni sana. Silikosisi hakuna aliyenitajia, au walitaja nikiwa hoi. Jumatatu naenda na picha zote. Bosi nimempigia jioni hii nikamwomba winchi. Kakaa kimya kidogo, kasema atanijibu. Shikamoo mzee wa Kitalu D.