MJADALA: Walimu wa msingi wa Tanzania na Kenya wabadilishane madarasa. Anayepinga aseme kwa nini

Wadau habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa utulivu maana juzi nililigusia kwenye kikao cha walimu wa kata yetu zikazuka kelele mpaka mwenyekiti akafunga ajenda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tarime, nafundisha hisabati na sayansi darasa la tano na la sita, huu mwaka wa 11. Ninachotaka ni hiki, Tanzania na Kenya zianze kubadilishana walimu wa msingi, mtu kwa mtu, wiki sita au muhula mzima, wa kwao aje asimame kwenye darasa langu na mimi nikasimame kwenye lake, kila mmoja analipwa na serikali yake. Sio ziara, sio semina ya siku tatu hotelini na picha ya pamoja. Kufundisha kabisa, zamu ushike, madaftari usahihishe, paredi asubuhi uwepo.

Naongea kwa sababu nimeonja kidogo. Mwaka jana mwezi wa sita sisi tumefunga shule, wenzetu Kenya wako katikati ya muhula wa pili, nina rafiki yangu mwalimu upande wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, tulijuana kwenye harusi ya ndugu, akaniombea kwa mwalimu mkuu wake nikakaa nao wiki mbili, muda mwingi nimekaa dawati la nyuma naangalia, vipindi vitatu akaniachia mwenyewe akiwepo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati, mada ya sehemu, gredi ya tano. Nikaingia nimejiamini kabisa maana sehemu hata uniamshe usiku nakufundisha. Nikaandika 3 juu ya 8, nikauliza kiasi ni ipi na asili ni ipi. Kimya. Watoto 48 wananitazama tu. Wao kuanzia gredi ya nne hisabati yote ni Kiingereza, wanajua numereta na denomineta, hilo neno asili kwao labda ni la mti na mizizi. Nikajaribu Kiingereza changu kikaniishia katikati ya sentensi. Basi binti mmoja wa dawati la mbele akageuka akawaambia wenzake kwa Kikuria, na Kikuria mimi ni lugha ya nyumbani nakisikia vizuri, alichowaambia ni kwamba mwalimu anauliza mkate umekatwa vipande vingapi na sisi tumepewa vingapi. Mikono ikanyanyuka darasa zima. Kwakweli miaka yote hii sijawahi kueleza asili na kiasi kwa ufupi ule, na sasa hivi ndivyo ninavyoanza kila mwaka, nauliza mkate kwanza ndo naandika ubaoni.

Mwezi wa nane wao wakafunga sisi tupo darasani, akaja kwangu wiki moja. Yeye zaidi anafundisha Kiswahili. Akaingia darasa la sita akauliza ngeli ya neno maji. Watoto wangu wanaoongea Kiswahili tangu wanaamka mpaka wanalala wakabaki wanaangaliana, kwake mtoto anakujibu YA-YA kabla hujamaliza swali. Niliona aibu kidogo. Ila kesho yake akawapa mada wabishane, nani anafanya kazi nyingi zaidi nyumbani wavulana au wasichana, yani dakika 40 zote hajapata nafasi ya kuongea, wanapokezana, wanatumia methali, wanamkatiza na kuombana radhi. Alitoka pale akaniambia mwalimu mimi nina ngeli zote ubaoni lakini sina hii. Sasa nyie niambieni, hiyo semina ipi ingemwonyesha?

Na la fimbo nitalisema wazi maana najua litakuja. Kenya walipiga marufuku 2001. Kwetu kanuni bado zinaruhusu, mwisho viboko vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na iandikwe, ila sote tunajua tunaingia nayo darasani kama tunavyoingia na chaki. Kule nilikaa wiki mbili mikono mitupu. Siku ya kwanza nilihisi nimesahau kitu, kelele zilinizidi, yule rafiki yangu yeye anasimama tu katikati anashusha sauti badala ya kupandisha, anaongea taratibu mpaka wa nyuma wanaambiana wanyamaze ili wasikie. Niliporudi nimejaribu kwa watoto wangu 92, kuna siku inakubali kuna siku inagoma, lakini fimbo sijaishika tangu mwezi wa saba mwaka jana.

Kinachoniuma ni kwamba walio juu wameshafunguliwa mlango. Vyuo vikuu vina baraza lao pale Kampala, IUCEA, na tangu 2017 Afrika Mashariki imetangazwa eneo moja la elimu ya juu. Wanafunzi wa sekondari wanavuka mpaka kwenda kucheza mpira kwenye FEASSSA, mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki imeanza kutumika Julai 2010 na kifungu cha 11 kinaongelea kutambuliana vyeti. Mwalimu wa msingi wa mpakani, ambaye akipanda ghorofani anaiona shule ya mwenzake ng'ambo, yeye hana hata karatasi moja inayomruhusu akafundishe pale wiki sita. Haya, karibuni.

Mdau wa Tabora:
Dada mwalimu heshima yako ila hapa umetuumiza. Mimi nimemaliza chuo 2019, mpaka leo niko mtaani nauza vocha, tuko wengi mno, nyie mnatafuta namna ya kumleta Mkenya darasani. Na hawa wa shule za Ingilishi midiamu si wamejaa tayari? Tukifungua na serikalini ndo basi tena tumekwisha. Kwanza tuajirini sisi halafu mkabadilishane.

Jibu langu:
Kaka uchungu wako naujua, nina mdogo wangu yuko hali hiyo hiyo. Ila soma tena nilichoandika, mtu kwa mtu. Nikitoka mimi anaingia mmoja, nikirudi anaondoka, nafasi ni ile ile na mshahara wake haugusi hazina yetu hata senti. Unachokiogopa wewe ni kuajiri, nacho kipo, Rwanda walipohamia Kiingereza 2008 walijikuta walimu wa lugha hiyo hawatoshi, mwaka 2022 wakachukua walimu 154 kutoka Zimbabwe, hao walikwenda kuziba pengo. Mimi sijaomba hilo na likiletwa kwa jina la kubadilishana nitakuwa upande wako kulipinga. Na hili la ajira zenu naliunga mkono hapa hapa, darasa la watoto 92 lina nafasi ya mwalimu mwingine leo, wala halihitaji kusubiri mjadala huu.

Mzazi wa Migori:
Mwalimu mimi sina shida na Watanzania, hata bibi yangu ni wa Musoma. Shida yangu ni mtoto. Wangu yuko gredi ya sita ako na mtihani wa taifa wa KPSEA mwisho wa mwaka, hizi mambo za mtaala mpya wa CBC hata walimu wetu bado wanazishika polepole, wewe utatoka Tarime uje umfunze na Kiingereza uko umesema imekuishia njiani? Huyo mtoto atanipatia matokeo gani? Watoto si wa kufanyiwa majaribio.

Jibu langu:
Mzazi mwenzangu hapo umenipata na sitabisha. Madarasa ya mtihani yaachwe kabisa, kwenu gredi ya sita na ya tisa, kwetu la nne na la saba. Halafu mwalimu apangiwe somo analoliweza kwa lugha ya pale. Mimi kwenu sifai hisabati, hilo nimeliona kwa macho yangu mbele ya watoto, ila nipe Kiswahili cha kuongea, insha za mdomo, mashairi, hapo usinihofie. Na mwenzangu akija kwetu apewe Kiingereza, maana watoto wetu wanasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza wanakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza, wengine wanazama mwaka huo huo. Mwalimu aliyezoea kufundisha mtoto mdogo kwa Kiingereza ana mbinu ambazo mimi chuoni sikufundishwa.

Mwalimu mstaafu, Moshi:
Binti yangu nimesoma yote. Mimi kidato cha nne nilifanya 1970, mtihani wa baraza moja la Afrika Mashariki, swali lile lile alilofanya kijana wa Nakuru na wa Jinja. 1971 sisi tukajitoa, 1973 likaundwa baraza letu la mitihani NECTA, 1977 jumuiya ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Mwalimu wa wakati ule ungembadilisha na asione tofauti. Leo silabasi mbili, lugha mbili, mihula miwili huku na mitatu kule. Unataka kumweka mwalimu kwenye nyumba ambayo hajui hata jiko liko wapi. Waunganishe mitaala kwanza, walimu watafuata wenyewe.

Jibu langu:
Shikamoo mzee wangu. Hayo ya baraza moja tunayasikia tu, ahsante kwa kuyaleta na mtu aliyeyafanya. Lakini naomba nitofautiane nawe kwa adabu. Tukisubiri mitaala iungane mimi nitastaafu na wanafunzi wangu watastaafu. Na mimi naona faida iko kwenye tofauti yenyewe, kama yule binti angekuwa anaijua asili na kiasi nisingejifunza kitu siku ile. Hata Marekani na Uingereza mitaala yao haijawahi kufanana, na bado chini ya programu ya Fulbright, iliyotokana na sheria ya 1946, walimu wao walikuwa wanabadilishana madarasa mwaka mzima, wengine mpaka nyumba za kukaa. Mihula kutofanana ndo kumenisaidia mimi mzee, mwezi wa sita sisi tumefunga wao wanafundisha, mwezi wa nane kinyume chake. Wanaweza kuanzia hapo hapo bila hata darasa moja kukosa mwalimu.

Mwalimu intani, Homa Bay:
Wazo poa lakini mimi nafunza junia sekondari kwa mkataba, mkononi nabaki na kama shilingi 17,000. Hapo nalipa nyumba, nakula, natuma nyumbani. Unipeleke Tarime wiki sita nilipe nyumba mbili? Hii itakuwa ya walimu wenye wamejiweza tu.

Jibu langu:
Mwalimu hili sikuwa nimelifikiria na umesema kweli. Mimi nililala kwa rafiki yangu na yeye akalala kwangu ndo maana sikuona gharama. Basi iandikwe kabisa kwamba shule inayopokea inatoa malazi, nyumba ya mwalimu au familia ya mwalimu mwenzake, na kwa mipakani hata kulala kwako kunawezekana, bodaboda na mguu unavuka Sirari asubuhi unarudi jioni. Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu ya juu, tuanze na shule za mpakani tu, Sirari na Isebania, Holili na Taveta, Namanga, Horohoro na Lunga Lunga. Za ndani zije baadae malazi yakieleweka. Na mwintani asiachwe nje eti kwa sababu ni wa mkataba, hao ndo wenye miaka mingi ya kufundisha mbele yao.

Mdau wa Tabora:
Sawa dada. La mtu kwa mtu nimelielewa. Ila nani atasimamia isigeuke ajira ya mlango wa nyuma? Huku kwetu kitu kinaanza cha wiki sita kinaishia miaka sita.

Jibu langu:
Kaka hapo mimi nasema jina kwa jina. Barua iwe moja yenye majina mawili, la anayetoka na la anayeingia, tarehe ya kurudi ni moja kwa wote, mmoja akirudi kwao na mwingine lazima arudi. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule zote mbili wazazi waione. Hiyo ndo barua niliyoiandika Jumapili, jina langu na la yule rafiki yangu, kuanzia mwezi wa saba, shule zote mbili zikiwa wazi, wiki tatu tu, somo moja moja. Mwalimu mkuu wangu ameisoma akasema yeye hawezi kuipitisha mwenyewe, ataipeleka kwa mratibu elimu kata kisha iende wilayani. Wa kwake amekubali kwa mdomo anasubiri ya kwetu ikiwa na muhuri. Ikijibiwa nitaileta hapa hapa muisome, hata kama jibu ni hapana.