Mrejesho: Yule mkongwe wa kundi na samaki wangu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri kuhusu mkongwe wa kundi letu la wafuga samaki wa mapambo, aliyeniambia nimwage maji yote ya tangi na kusugua sponji ya chujio kwa maji ya bomba, kisha akamtukana kila aliyehoji.

Nilikuwa nimeshamsikiliza. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye maji ya bomba, iliua bakteria wa kwenye sponji, wale wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Samaki wawili wakafa. Watatu wakabaki juu ya maji wakihema, matamvua mekundu kama damu. Iliniuma sana.

Mlionielekeza nibadili robo tu ya maji kila siku, yaliyolazwa kwenye ndoo wazi ili klorini itoke, asanteni mno. Siku ya tisa walianza kula. Sponji sasa naisuuza kwa maji ya tangi lenyewe.

Mkongwe nilimfuata pembeni, nikamtumia picha. Hajajibu mpaka leo, na sikutaka kumwaibisha. Kundini nilieleza yaliyonipata bila kumtaja. Kijana mmoja wa Mbagala akaandika: "Kaka, nilikuwa nimeshafungua bomba."