Je, misaada ya kulinda mpaka wa Tajikistan na Afghanistan inazuia dawa za kulevya?

Swali: Tangu walinzi wa Urusi waondoke mwaka 2005, wafadhili wameijengea Tajikistan vituo vya mpakani na kuwapa askari wake mafunzo. Ndugu zangu, je, magendo ya heroini yamepungua kwa sababu hiyo?

Jibu la 1: Mpaka ule una zaidi ya kilomita 1,300, na sehemu kubwa yake ni mto Panj, unaoweza kuvukwa usiku mahali pasipo na kituo, kwa hiyo mashine ya kukagua malori inayotolewa na wafadhili haisaidii iwapo askari wa doria anahongeka kwa sababu ya mshahara mdogo.

Jibu la 2: Naafiki, ndugu. Kilimo cha afyuni, malighafi ya heroini, kilipungua mno nchini Afghanistan kutokana na marufuku ya Taliban ya Aprili 2022, wala si kutokana na vifaa vya wafadhili.

Jibu la 3: Lakini methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya, haitegemei mashamba ya afyuni, hivyo mbwa wa kunusa na maabara za kupima dawa hizo bado vinahitajika.