Tupeane uzoefu: uliongeza kadi ya grafiksi kwenye desktopu ya zamani, ikawaje?

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa machalii wa Chuga (Arusha) na Moshi wenye zile desktopu zilizotolewa maofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na jamii zake, umenunua kwa bei poa ukijua ipo siku utaweka kadi ucheze magemu. Taja mashine yako, kadi uliyoweka na kilichotokea, mambo ya kusikia tuyaache. Kuna vijana wananifuata hela wameshika mkononi swali ni "kadi gani kali?" na mi nawajibu kilekile, fungua kasha usome kwanza lebo ya pawa saplai. Inauma sana mtu kajinyima mpaka kanunua kadi afu inakaa kwenye boksi kisa haina pa kuchomekwa umeme.

Naanza mimi. OptiPlex 7010 kasha kubwa, i5-3470, pawa saplai wati 275, ndani hamna hata waya mmoja wa kadi. Sloti ya PCIe yenyewe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, mwisho wake wati 75, so nikatafuta kadi inayokula humohumo bila waya wa ziada, nikaangukia GTX 1050 Ti ya GB 4. GTA V iliyokuwa inakwamakwama kwa grafiksi ya ndani sa hivi naicheza 1080p setingi nyingi zikiwa juu, inateleza. Ila kitu kilichonishangaza ni ram. Nilikuwa na kijiti kimoja, nikaongeza cha pili kinachofanana nacho, ule mkwamo wa ghafla ukiwa unakimbiza gari katikati ya mji ukapungua kabisa, maana vijiti viwili prosesa inavisoma sambamba. Karibuni.

Mdau wa Pasua, Moshi
Mi yangu EliteDesk 800 G1 ile nyembamba. Humo kadi ya kawaida haiingii hata ukiomba dua, unatafuta fupi yenye kibati kifupi, na hizo zikipatikana zina bei kuliko ndugu zake warefu. Nilichukua RX 6400, inakula wati 53 tu, joto hamna, kelele hamna. Mambo mawili mjue. Inatumia njia 4 za PCIe badala ya 16, iliundwa kwa ajili ya PCIe 4.0, kwenye mashine za matoleo ya nyuma, 3.0 kama yangu, inapoteza kidogo na kwenye 2.0 inapoteza zaidi. La pili haina kile kisehemu cha kurekodi video, so ukitaka kurekodi gemu upandishe mtandaoni mzigo wote unaenda kwa prosesa na prosesa zenyewe ndo hizi za zamani. Kwa kucheza tu naipenda mno.

Dada wa Ngarenaro
Nina kibanda cha magemu, watoto wanacheza PES 2017 kutwa nzima. Mashine zangu zina GTX 750 Ti. Najua ni ya 2014 na GB 2 ni ndogo, ila inakula wati 60 na nyingi zina tundu la VGA, monita zangu zote ni za VGA. Nikienda kwenye GTX 10 na kuendelea natakiwa kununua adapta inayobadilisha ishara kwa kila monita, maana NVIDIA hapo waliacha kabisa kutoa ishara ya analogi ambayo VGA inatumia. Hesabu hiyo ifanyeni kabla, mtu anapanga bei ya kadi anasahau monita.

Lingine vumbi. Barabara yetu haina lami, kiangazi feni zinavaa koti. Napuliza na bloa mashine ikiwa imezimwa, feni naishika na kidole isizunguke, na kadi zilizotumika nikizinunua tu namwambia fundi abadilishe pesti ya kupitisha joto kwenye chipu kabla hata haijaanza kazi. Moja ilikuwa inagonga nyuzi 88, baada ya pesti mpya ikashuka hadi sabini na kitu, feni zikanyamaza. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo nao unaua, wekeni yupiesi (UPS) jamani, hata ndogo.

Mdau wa Sakina
Dada umesema kweli kuhusu VGA, na mi naongezea kwa upande mwingine. Binamu yangu aliagiza "1050 Ti" mtandaoni kwa bei ya kutupa, imefika ina tundu la VGA. Hapohapo nikashtuka, 1050 Ti ni GTX 10, ya kweli haina VGA. Tukafungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaandika FAKE, kumbe ndani ni chipu ya GTS 450 ya 2010 iliyobadilishwa baiosi (programu ya ndani ya kadi) ili Windows iisome kama 1050 Ti. Gemu likifunguka mashine inazima. Kijana alilia, ilikuwa hela ya vibarua vya likizo nzima. Ukinunua kwa mtu omba akuwashie, weka GPU-Z kwenye flashi, fungua na gemu mbele yake.

Na GT 1030 pia, zipo mbili jina moja. Yenye memori ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 haifiki hata 17. Soma boksi.

Mdau wa Majengo, Moshi
Naheshimu wote ila mi napingana na hii habari ya wati 75. 7010 kubwa ina plagi ya kawaida ya pini 24, nilitoa pawa saplai yake nikaweka ya wati 500 ya kampuni inayoeleweka afu RX 580 ya GB 8. Kadi inakula wati 185, lakini tofauti na 1050 Ti ni usiku na mchana. Hakikisha tu sio ile iliyoandikwa 2048SP, ile kiukweli ni RX 570. Kwa wenye EliteDesk au OptiPlex 9020 plagi zao ni za kampuni yenyewe, itabidi adapta.

Mdau wa Usa River
Wakuu mi nina OptiPlex 3020 kubwa, i3-4130, ram GB 4. Nimeona GTX 1650 mahali, nichukue?

Mwenye uzi
Mkuu wa Majengo hapo sina ubishi, ukiwa na hela ya pawa saplai ya uhakika njia yako ni nzuri. Usichukue tu zile za bei chee zisizo na jina, inaweza kuondoka na mazabodi.

Chalii angu wa Usa, 1650 zingine zina tundu la umeme la pini 6 na zingine hazina, wewe unataka isiyo na tundu. Pia 1650 ni Turing, kizazi kipya zaidi, draiva za magemu mapya bado inapata, wakati 1050 Ti na 750 Ti NVIDIA walizifunga Oktoba 2025, zimebaki na masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Kwa hiyo kati ya hizo chukua 1650. Ila kwa GB 4 za ram hutaifaidi, fanya ziwe 8 kwa vijiti viwili, na hiyo i3 baadaye itoe uweke i5-4590 iliyotumika, inaingia soketi hiyohiyo. Kama hela haitoshi vyote, anza na ram wiki hii, kadi ifuate.