Masika yanaingia, tuko karibu na Mto Rau

Mama Eli: Wadau wa Moshi, tumehamia jirani na Rau na masika ndiyo hayo. Bibi anatembea na fimbo, na mvua ikianza tu umeme unakatika. Nianzie wapi?

Mangi wa Kibosho: Shikamoo ya bibi ifike. Vyeti, kadi ya bima na dawa zake weka kwenye ndoo yenye mfuniko, ikae mlangoni. Msisubiri mvua ya hapo kwenu: ikipiga huku mlimani, mto unajaa ninyi mkiwa mmelala pakavu. Nani atambeba bibi? Mkubaliane leo.

Dada wa Njoro: Zimamoto ni 114. Chaji simu mchana. Na watoto wasivuke maji yanayokimbia, hata ya magotini.

Mama Eli: Ndoo ninayo, ina unga wa ulezi. Nahamisha sasa hivi.