Mrejesho: aspirini yangu iliyokuwa inayeyuka mapema

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliwauliza kwa nini aspirini niliyotengeneza maabara inaanza kulowa kwenye nyuzi 121 na kumaliza kuyeyuka kwenye 129, wakati vitabu vinataja kama 135. Nimerudi na majibu.

Kwanza, ilikuwa mbichi. Aliyeniambia niiache ikauke usiku kucha, asante sana, maana mimi nilikuwa naibana tu kwenye karatasi ya kuchujia halafu nakimbilia mashine ya kupima kiwango cha kuyeyuka. Tone la feri kloridi, kemikali ya kupimia uchafu huo, nalo liligeuka zambarau: asidi ya salisili, malighafi ya aspirini, bado imo. Asidi hiyo yenyewe huyeyuka kwenye 159, lakini ikiwa uchafu ndani ya aspirini inashusha kiwango cha kuyeyuka, haipandishi. Nikaisafisha upya kwa ethanoli na maji, zikatoka fuwele nyeupe kama sindano.

La pili ndilo lililoniumiza kichwa. Aspirini huanza kuharibika kwa joto hata kabla ya kuyeyuka. Mimi nilikuwa napandisha joto polepole tangu mwanzo, nikijiona makini. Kumbe naipika! Safari hii nimepasha haraka hadi 120, kisha nyuzi 2 kwa dakika: 134 hadi 136. Nikakipoza kimrija kilekile cha kioo chenye sampuli na kukipima tena, ikaanza kuyeyuka kwenye 127. Kwa hiyo kila kipimo, kimrija kipya.

Kipimajoto nacho nilikihakiki kwa asidi ya benzoiki, ambayo huyeyuka kwenye 122. Kimesoma 122, hakina kosa. Nilikisingizia bure.